Tochi Nyekundu ya Mrina Asali

Mhadhara uliotolewa Tabora mbele ya warina asali, mafundi, walimu na wanafunzi

 

Nimekuja kuzungumzia tochi moja tu. Inafungwa kichwani, mwanga wake ni mwekundu na una nguvu, inatumia betri iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa, na fundi yeyote wa simu anaweza kuifungua na kuitengeneza. Katika maduka yetu sijaiona. Tochi za dukani zote zinashindana kwa ukali wa mwanga mweupe, na muuzaji akitaka kukushawishi huielekeza ukutani ng'ambo ya barabara ili uone inavyofika mbali. Mtu anayevuka pori usiku anahitaji hivyo. Lakini mkoa huu una kazi kubwa ya usiku ambayo mwanga wa namna hiyo unaiharibu, nayo ni kurina asali. Hoja yangu yote leo ni kwamba taa iundwe kwa kufuata kazi, na kwamba taa ya kazi hii tunaweza kuiunda wenyewe hapa hapa.

Nianze na mzinga.

Nyuki wa miombo yetu, kuanzia Sikonge na Uyui hadi Urambo na Kaliua, ni wakali kuliko nyuki wa Ulaya. Ukiwachokoza mchana wanamkimbiza mtu mbali sana, na mifugo iliyofungwa jirani inaweza kufa. Ndiyo maana tangu enzi za mababu Wanyamwezi wanarina jioni au usiku: hewa imepoa, na nyuki hawapendi kuruka gizani. Mrina asali anaegemeza baiskeli yake kwenye shina, anapanda mtundu au mninga hadi kwenye mzinga wa gome au wa gogo uliotundikwa matawini, mkono mmoja umeshika tawi na mwingine umeshika kienge kinachofuka. Kienge kinampa vitu viwili kwa pamoja, moshi wa kuwatuliza nyuki na mwanga wa kuonea masega. Kinampa na cha tatu ambacho hakukitaka, yaani cheche. Cheche zinaanguka kwenye nyasi zilizoanza kukauka, na asubuhi sehemu ya msitu imeungua pamoja na maua ambayo nyuki wangeyategemea msimu unaofuata. Wenye umri wangu mmeuona moshi huo kila kiangazi.

Bomba la moshi limepunguza hatari hiyo, na ninawashukuru maofisa nyuki waliolihimiza kijiji kwa kijiji. Ila bomba halina mwanga. Kwa hiyo mrina asali akavaa tochi ya kichwani, ile nyeupe ya sokoni, na hapo ndipo tatizo jipya lilipoanza.

Mtazameni mtu huyo akiwa mtini. Ameondoa kifuniko cha mzinga, kile kibao cha mviringo cha mwishoni, akapuliza moshi mara tatu nne. Nyuki wa kwanza wanatoka wakitambaa ukingoni. Kwenye giza wangeendelea kutambaa. Lakini mwanga mweupe unawapiga, na mmoja anaruka moja kwa moja kuelekea taa, ambayo imekaa kwenye paji la uso la mtu. Wa pili anamfuata. Muda si mrefu wavu wa kofia umejaa nyuki mbele ya macho, wengine wanatafuta upenyo shingoni, na mtu huyo bado ana mkono mmoja tu wa kujishikilia. Anazima taa. Sasa macho yake yaliyozoea mwanga mkali hayaoni kitu, hata tawi alilokanyaga. Anawasha tena, wanarudi. Nimewasikia warina asali wakisema kwamba tochi hizi za kisasa zinawapandisha nyuki hasira. Wanachokieleza ni kweli kabisa, na sababu yake inajulikana.

Mwaka 1914 mwanasayansi Karl von Frisch alionyesha kwa majaribio ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyarudia kwamba nyuki wanaona rangi. Alipanga kadi za kijivu za viwango mbalimbali, katikati akaweka kadi moja ya buluu yenye kisahani cha maji ya sukari. Nyuki walipozoea, aliondoa sukari na kuhamisha kadi, nao wakaendelea kuitafuta ile ya buluu bila kuchanganyikiwa na kijivu chochote. Alipojaribu nyekundu, walishindwa. Waliichanganya na nyeusi na kijivu cha giza. Von Frisch aliendelea kuwachunguza nyuki maisha yake yote, akagundua pia maana ya ile ngoma wanayocheza ndani ya mzinga, na mwaka 1973 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Waliokuja baada yake walipima jicho lenyewe. Jicho la nyuki lina aina tatu za chembe zinazopokea mwanga: za kwanza zinapokea zaidi urujuanimno karibu na nanomita 344, za pili buluu karibu na 436, za tatu kijani karibu na 544. Ukipita nanomita 600 uwezo wao unashuka haraka, na karibu na 650 unakuwa umekwisha. Sisi bado tunaona hapo. Kati ya mwisho wa macho ya nyuki na mwisho wa macho ya binadamu kuna nafasi nyembamba ya rangi nyekundu iliyoiva, na ndani ya nafasi hiyo mtu anaweza kuona mzinga huku nyuki wakidhani wamo gizani.

Sasa tuichunguze taa nyeupe ya LED. Haitoi weupe. Ndani yake kuna kipande kinachotoa mwanga wa buluu, karibu na nanomita 450, kilichofunikwa kwa unga wa manjano unaobadilisha sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Jicho letu linachanganya hizo mbili na kuona nyeupe. Lakini kilele cha buluu kinabaki palepale, karibu kabisa na mahali ambapo chembe za buluu za nyuki zinapokea vizuri. Kienge cha babu kilitoa mwanga wa moto, ambao kwa sehemu kubwa ni mwekundu na joto, buluu yake ni kidogo mno. Kwa hiyo tulipoacha kienge na kuvaa LED nyeupe, tulipata taa ambayo kwa mrina asali ni mbaya kuliko ile ya zamani. Kwa wengine ni nzuri. Kwake yeye imegeuka adui.

Taa nyekundu ya LED ndiyo iliyotangulia. Nick Holonyak aliiunda ya kwanza yenye mwanga unaoonekana mwaka 1962 akiwa General Electric huko Marekani, na ilikuwa nyekundu. Buluu yenye nguvu ilichukua miaka 30 hivi zaidi, hadi kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura huko Japani, waliopewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili hiyo. Dunia ilipopata buluu ikapata na nyeupe, na nyekundu ikabaki kuwa taa ya kuonyesha kwamba redio imewashwa. Mrina asali wa Sikonge ana haki ya kuirudisha.

Kuna mahali kwenye njia ya zamani ya misafara, ile inayopita hapa Tabora kuelekea ziwani, ambapo hesabu inageuka. Shukeni hadi Ujiji. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hutoka usiku usio na mwezi, huwasha taa juu ya maji, na dagaa hupanda kuufuata mwanga pamoja na vijidudu wanavyokula. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, zikinywa mafuta ya taa usiku kucha, kioo kikipasuka kila tone la maji lilipokigusa. Sasa wengi wametundika LED zinazotumia betri ya pikipiki au ya gari, na mafundi wa Kigoma wamejifunza kuziziba zisiingie maji. Mvuvi anataka kiumbe afuate taa. Mrina asali anataka kiumbe asijue kwamba taa ipo. Mtu anayewauzia wote wawili tochi ileile hajazifikiria kazi zao.

Nimetaja Ujiji, na siwezi kusimama Tabora nisiseme neno juu ya njia yenyewe. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa, mwezi wa Novemba mwaka 1857, wakikuta mji wa wafanyabiashara wenye nyumba za tembe na maghala. Mwaka 1872 wasafiri Livingstone na Stanley walikaa kwenye tembe huko Kwihara, na tembe lile leo ni makumbusho ambako watoto wetu hupelekwa. Lakini waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo na ziwa walikuwa wapagazi, na miongoni mwao hakuna waliosifika kwa kazi hiyo kuliko Wanyamwezi. Walikwenda pwani na pembe za ndovu. Walirudi na merikani, kaniki, shanga, na mizunguko ya waya wa shaba uliotumika kama fedha huku bara. Walikuwepo pia waliopita njia hiyo shingoni wakiwa na minyororo, na hatuna ruhusa ya kuisifu njia bila kuwataja. Baadaye, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, nta ya Unyamwezi ikawa bidhaa inayotafutwa Ulaya. Reli ilifika hapa mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na mpangilio ukaendelea: mali ghafi inatoka, kitu kilichokamilika kinaingia.

Katika mambo ya mwanga, hata hivyo, hatukuwa wapokeaji tu. Mafuta ya taa yalipoenea, fundi bati wa kila mji alichukua kopo la maziwa, akakata, akakunja, akapitisha utambi, akatoa koroboi. Ilikuwa na moshi, ilikuwa na hatari, lakini kila sehemu yake ilieleweka na aliyeitengeneza. Kisha ikaja tochi ya betri. Wengi wetu tulikua na betri za National zilizotengenezwa Dar es Salaam, na tulizianika juani zilipochoka ili zitoe usiku mmoja zaidi. Tochi ile bado iliweza kufunguliwa: ukipata balbu, ukapata betri, ukanyoosha kile kibati cha swichi, inawaka.

Tochi nyingi za kuchaji tunazonunua leo hazifunguki. Plastiki imegandishwa kwa gundi. Ndani, zile za bei nafuu zina betri ndogo ya risasi na asidi ya volti 4, ambayo ukiiacha mwezi mzima bila chaji inaganda na haifufuki. Nyingine zina plagi inayochomoza nyuma, na sakiti yake inaunganisha umeme wa nyumbani moja kwa moja na sehemu za ndani bila transfoma, kwa hiyo mtoto akiifungua wakati imechomekwa anaweza kufa. Mafundi mnajua ninachosema. Mnaletewa kila wiki, na mnalazimika kuwaambia watu wakazitupe. Hili linaniuma, maana LED yenyewe mara nyingi bado nzima kabisa.

Sasa tuiunde yetu. Mafundi sogeeni mbele, na anayetaka kuandika aandike.

Tunaanza na taa yenyewe. Tafuta LED ya wati 1 hadi 3 iliyolehemiwa juu ya kibao cha alumini chenye umbo la nyota, upana wake milimita 20 hivi. Rangi iwe nyekundu ya nanomita 660, ile inayouzwa kwa ajili ya taa za kukuzia mimea. Nyekundu ya kawaida ya 620 au 630 inapatikana kirahisi zaidi na sisi tunaiona vizuri zaidi, lakini nyuki naye anaiona kidogo. Na hapa ndipo swali la nguvu linapoingia. Jicho la binadamu kwenye nanomita 660 ni dhaifu: linapokea asilimia 6 hivi tu ya kile linachopokea kwenye kijani, ambako lina uwezo mkubwa kuliko kote. Kile kitaa chekundu kidogo cha miliampea 20 hakitoshi kumwonyesha mtu sega lililo umbali wa mkono. Tunahitaji LED ya nguvu kwa sababu tumejichagulia rangi ambayo hata sisi inatuwia ngumu. Anayeniambia kwamba amejaribu taa nyekundu akaiona hafifu, mara nyingi ametumia kile cha miliampea 20.

Betri inatoka kwenye laptopu. Vunja taratibu ganda la betri ya laptopu, usichomeke bisibisi ya chuma ndani kwa pupa, maana ukitoboa betri ya lithiamu inaweza kuwaka moto mkononi. Ndani kwa kawaida utakuta betri sita za mviringo, kila moja milimita 18 kwa 65. Pakiti nzima inapokufa, mara nyingi zilizokufa ni moja au mbili na nyingine zina uhai. Pima kila moja kwa mita. Iliyoshuka chini ya volti 2 usiifufue. Iliyo na kutu au iliyovimba vilevile. Zilizobaki zichaji hadi volti 4.2, kisha ziache juma zima bila kuzigusa na uzipime tena. Iliyoshuka sana inavuja ndani kwa ndani. Na wakati wa kuchaji weka mkono: betri inayopata moto ikichajiwa polepole haifai kufungwa kwenye kichwa cha mtu.

Kati ya betri na LED lazima kuwe na kitu cha kuzuia mkondo. LED si balbu. Balbu inajizuia yenyewe inapopata moto, LED inapopata moto inataka mkondo zaidi na zaidi hadi iungue. Njia rahisi ni rizista, na hesabu yake ni kanuni ya Ohm tunayofundisha shuleni bila kuwapa watoto sababu ya kuipenda. Betri iliyojaa ina volti 4.2. LED nyekundu inachukua karibu volti 2.2. Zinabaki 2. Tunataka mkondo wa ampea 0.35, kwa hiyo 2 gawanya kwa 0.35 ni kama omu 5.7, na rizista iliyo sokoni ni ya omu 5.6. Itabeba joto la wati 0.7, basi chukua ya wati 2 ili isikuunguzie ganda. Betri ikishuka hadi volti 3.3 mkondo unashuka hadi ampea 0.2 hivi, mwanga unapungua taratibu, na mtu anapata dalili kwamba muda wa kushuka mtini umekaribia. Ukiwa na betri iliyochakaa yenye miliampea-saa 1,500, utapata saa tano. Nawajua mafundi watakaosema rizista inapoteza karibu nusu ya umeme, na wako sahihi. Wao watumie chipu ya AMC7135, ambayo inashikilia mkondo kwenye miliampea 350 bila kuyumba. Nayo inapoteza umeme kwa joto lakini mwanga haubadiliki. Mimi kwa mrina asali wa porini napendelea rizista. Ni kitu kimoja, kina miguu miwili, na hata ukikitoa kwenye redio ya zamani kinafanya kazi.

Jambo linalofuata sikubali lirukwe. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3, kwa hiyo betri ya lithiamu inapochoka taa nyeupe inafifia yenyewe na betri inasalimika. Nyekundu haifanyi hivyo. Inaendelea kuwaka kwa volti 2.2, na ukisahau kuizima usiku inanyonya betri kupita kiwango ambacho betri hiyo inaweza kuvumilia. Betri iliyonyonywa hivyo ikichajiwa tena inakuwa ya hatari. Kwa hiyo tochi nyekundu lazima iwe na kibao cha ulinzi. Kile kibao kidogo cha kuchajia chenye chipu ya TP4056, kinachotumia chaja ya simu, kinauzwa kwa aina mbili: chenye ulinzi kina alama za OUT pembeni ya zile za betri, kisicho na ulinzi hakina. Nunua chenye OUT, na LED uiunganishe hapo, si kwenye betri. Kimepangwa kuchaji kwa ampea 1, ambayo ni nyingi kidogo kwa betri kuukuu. Ng'oa rizista yake ya kilo-omu 1.2, weka ya kilo-omu 2, na mkondo unashuka hadi karibu ampea 0.58.

Joto. LED nyekundu inaumizwa na joto kuliko nyeupe. Ikipata moto mwanga wake unapungua waziwazi ukiwa unaitazama. Chukua sufuria ya alumini iliyotoboka, ile nzito ya kusubu, ukate kipande cha mviringo chenye upana wa sentimita 5 au 6. Kisugue kwa msasa hadi king'ae, kwa sababu sufuria ina masizi na mafuta yaliyogandia alumini. Paka grisi ya kupitisha joto, kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele, kisha ibane ile nyota kwa skrubu mbili. Ukiinua ukaona grisi imeenea duara zima bila kiputo, umefanya vizuri. Iwashe dakika kumi, uweke kidole kwenye alumini. Kidole kikiweza kukaa bila kukurupuka, imetosha. Kisipoweza, kipande ni kidogo au skrubu hazijakaza.

Ganda la betri ni bomba la plastiki la maji, na mkanda wa kichwani ni mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, ambao kila mrina asali anao. Betri ikae kisogoni ili kichwa kisielemewe mbele. Lenzi ya kukusanya mwanga usiweke. Mrina asali hatafuti kitu kilicho mbali, anataka eneo lote la mzinga lionekane sawasawa, na LED tupu inafanya hivyo.

Mahali pa taa pasiwe katikati ya paji, pawe pembeni, juu ya sikio. Sababu ni hii. Chini ya mwanga mwekundu rangi zinapotea. Nta nyeupe ya asali iliyoiva na nta ya kahawia iliyofunika majana zinaonekana karibu sawa, na majana yakikatwa pamoja na asali, kundi linadhoofika na asali inachacha. Lakini kifuniko cha asali ni bapa, na cha majana kimevimba kidogo. Mwanga ukija kutoka upande, kila uvimbe unatupa kivuli chake kidogo na mkono unajua pa kukata. Damu nayo haionekani kwenye mwanga huu. Ukijikata utaona majimaji tu, basi uangalifu wa kisu uongezeke.

Mwisho weka kitaa cheupe kidogo chenye swichi yake, LED ya milimita 5 na rizista ya omu 56. Hicho ni cha njia ya kurudi dagoni, yaani kambini. Kifutu amelala kwenye majani makavu na rangi yake ni ya majani makavu. Chini ya mwanga mwekundu hutamwona. Swichi hizo mbili zitenganishwe, moja kulia na moja kushoto, na ya nyeupe iwe ngumu kubonyeza, ili mtu aliye mtini asiwashe nyeupe kwa bahati mbaya. Faida nyingine ya nyekundu mtaiona wenyewe mkiizima: macho ya binadamu huchukua karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mwekundu hauyaharibii sana mazoea hayo. Mtu anazima taa na bado anayaona matawi mbele ya nyota.

Tochi hii haiondoi moshi, haiondoi vazi la kinga, na haimfanyi nyuki kuwa mpole. Ukitikisa mzinga atakuuma gizani vilevile, kwa harufu na kwa mtikisiko. Inachofanya ni kumwondolea sababu moja ya kuruka. Kwa mtu aliyeshikilia tawi kwa mkono mmoja, sababu hiyo moja ni kubwa.

Basi nina maombi, na nayatoa kwa heshima. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa hapa Tabora: walimu wa chuo wajaribu taa nyeupe na nyekundu kwenye mizinga yao usiku uleule, wahesabu nyuki wanaoifuata kila moja, na matokeo wayabandike hadharani, hata yakinipinga. VETA ya mafunzo ya ufundi stadi na SIDO ya viwanda vidogo wana karakana. Koroboi ilienea kwa sababu kila fundi bati aliijua, na hii itaenea hivyohivyo ikifundishwa kwa vitendo. Walimu wa fizikia wa sekondari, wapeni watoto hesabu ya omu 5.6 na tochi ya kuishika mkononi. Na nyinyi wakuu wa ofisi mliofungia laptopu mbovu stoo, wapeni mafundi betri zake sasa, kabla hazijavimba.